Nani Anakumbuka? Kusafiri Katika Wakati Ndani ya Gemu

Ugomvi ulianza kwenye banda la gemu lililo karibu na kituo ninaposhukia daladala nikitoka kazini. Kijana mmoja alikuwa kwenye mbio za magari. Akaingia kona kwa pupa, gari likapoteza njia na kubamiza ukuta. Hakuanza upya. Alibonyeza kitufe kimoja kwenye padi, gari likajivuta nyuma, vipande vya taa vikarudi mahali pake, moshi ukafyonzwa na matairi, na sekunde chache baadaye alikuwa tena kabla ya kona, safari hii akikanyaga breki mapema. "Huko ni kusafiri katika wakati," akasema aliyekaa kushoto kwake. Mwingine akakataa: huko ni kudanganya tu, kusafiri katika wakati ni mpaka uende zama za kale ukakutane na babu yako. Wa tatu akawaambia wote wawili hawajui kitu, kwani gemu ya wakati ni ile ambayo siku inajirudia mpaka upate njia ya kutoka. Waliendelea hivyo mpaka dakika walizolipia zikaisha.

Kila mmoja wao alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Tatizo liko kwenye jina. Tunasema "kusafiri katika wakati" tukimaanisha mambo manne yasiyofanana: kurudisha nyuma tukio lililotokea sasa hivi, kuhama kutoka zama moja kwenda nyingine, kunaswa ndani ya muda unaojirudia, na kuhifadhi mchezo ili ukikosea uanzie pale ulipohifadhi. Ukiyachanganya, gemu nyingi nzuri zitaonekana hazieleweki. Ukiyatenganisha, linabaki swali moja ambalo mimi hulitumia kwa kila gemu ya aina hii, na bado halijaniangusha: wakati ukirudi, nani anakumbuka, na kitu gani kinabaki mkononi mwake?

Ili swali hilo lieleweke, fikiria saa tatu. Ya kwanza ni saa ya ukutani, ile anayoitazama mwenye banda ili ajue dakika zako zimekwisha. Ya pili ni saa ya ulimwengu wa mchezo: jua la kwenye skrini linachomoza na kuchwa, mlinzi anapita lindo, maji yanajaa. Ya tatu ni saa ya mhusika, yaani mambo aliyoyapitia yeye mwenyewe, kwa mpangilio alioyapitia. Katika gemu ya kawaida saa hizi zinakwenda pamoja na hakuna anayezifikiria. Kusafiri katika wakati kunaanza pale saa ya ulimwengu inapoachana na saa ya mhusika: ulimwengu umerudi jana, yeye bado ana kumbukumbu za kesho.

Kijiweni jambo hili tunalifanya bila mashine. Kwenye drafti ya vizibo vya soda, mtu akigundua amejipeleka mdomoni mwa mwenzake, husema, "Nirudishe hiyo." Mwenzake akikubali, vizibo vinarudi vilipokuwa. Ubao hauna habari yoyote kwamba kosa lilitendeka. Lakini aliyekosea sasa anauona mtego ambao dakika moja iliyopita hakuuona. Vitu vimerudi, ujuzi haukurudi. Karibu gemu zote nitakazozitaja hapa zimejengwa juu ya pengo hilo dogo.

Kanda inayorudi nyuma

Waliokulia na kaseti wanakumbuka kuchomeka kalamu kwenye tundu na kuizungusha ili kuokoa betri za redio. Gemu iliyowaonjesha wengi ladha hiyo ni Prince of Persia: The Sands of Time, iliyotengenezwa na studio ya Ubisoft ya Montreal, Kanada, mwaka 2003. Mwana wa mfalme ana jambia lenye mchanga wa ajabu. Akiruka vibaya na kutumbukia shimoni, unabonyeza kitufe na mwili wake unapanda tena hewani, miguu inarudi ukingoni, na unajaribu upya. Kabla ya hapo, gemu nyingi za kurukaruka zilikuadhibu kwa kukurudisha mwanzo wa hatua nzima, ukapitia tena yale uliyokwisha kuyaweza. Hapa adhabu ni mchanga wenyewe: una kipimo, ukiisha, kosa linalofuata ni kifo.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi hadithi ilivyofungwa na kitufe hicho. Mchezo mzima unasimuliwa na mwana wa mfalme mwenyewe, na ukifa bila mchanga, yeye hukatiza na kusema kwamba mambo hayakwenda hivyo, kama msimulizi aliyeteleza ulimi. Mwishoni tunajua anamsimulia nani. Ni Farah, msichana aliyepigana naye bega kwa bega. Wakati umerudishwa hadi kabla ya vita, na Farah hamjui kabisa mtu aliyesimama mbele yake. Safari nzima waliyopita pamoja imebaki kichwani mwa mmoja tu. Nani anakumbuka? Hilo jibu ndilo lililoifanya hadithi iume.

Sasa, mashine inafanyaje? Watu wengi hudhani kompyuta "inageuza" wakati kwa hesabu ngumu. Njia iliyozoeleka ni ya kawaida zaidi: inaweka daftari. Gemu huchora picha, tuseme 60 kwa kila sekunde, na kwa kila picha kompyuta inaandika mhusika yuko wapi, anaelekea wapi, adui yuko wapi, mlango umefungwa au uko wazi. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha, inasoma daftari kutoka mstari wa mwisho kwenda juu. Dakika 10 za mchezo kwa mwendo huo ni picha 36,000, kwa hiyo watengenezaji wanabana: wanaandika kilichobadilika tu, kama mwenye duka anayeandika waliokopa leo badala ya kunakili upya orodha ya wateja wote kila jioni. Nyingine zinaweka daftari lenye kurasa chache, na ukurasa mpya ukiandikwa, ule wa zamani kabisa unachanwa. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu gemu nyingi zinakuruhusu kurudi sekunde kadhaa tu.

Mwaka 2008 Mmarekani Jonathan Blow alitoa Braid, akaondoa kikomo. Unaweza kurudisha hatua nzima hadi ulipoingia, mara nyingi upendavyo, bila gharama. Ungetarajia gemu ya namna hiyo iwe rahisi, kwa kuwa kifo hakina maana tena. Ikawa chemshabongo ngumu kuliko nyingi, kwa sababu Blow alihamisha ugumu: badala ya kukuuliza kama unaweza kuruka, anakuuliza kama unaelewa. Kila sehemu ya mchezo ina sheria yake ya wakati. Katika mojawapo, vitu vinavyong'aa rangi ya kijani havisikii kitufe chako. Kuna shimo refu lenye ufunguo chini yake. Ukiingia kuuchukua, hutoki, kuta ni ndefu mno. Wachezaji wengi husimama hapo na kuona ni kosa la mtengenezaji. Jibu ni kujitupa kwa makusudi, kuushika ufunguo, kisha kurudisha wakati. Wewe unapanda juu kama kanda inayorudishwa, na ufunguo, kwa kuwa ni wa kijani, hausahau kwamba ulishaushika. Unatoka nao. Katika sehemu nyingine, ukirudisha wakati kinazaliwa kivuli chako kinachorudia yale uliyoyafanya mwanzo, huku wewe ukifanya jambo tofauti pembeni yake, na mlango unaohitaji watu wawili unafunguliwa na mtu mmoja.

Life is Strange, gemu ya studio ya Kifaransa Dontnod ya mwaka 2015, ina sheria nyingine tena: msichana Max akirudisha wakati, yeye habanduki pale aliposimama, na alichotia mfukoni kinabaki. Usiku mmoja anataka kuingia ofisi ya mkuu wa shule iliyofungwa. Anaulipua mlango, anaingia ndani, kengele zinalia, kisha anarudisha wakati akiwa humo humo. Mlipuko haujatokea, mlango ni mzima, na yeye yuko upande wa ndani akifungua kitasa taratibu. Mfano huo mmoja ukiuelewa, umeelewa kwa nini ni lazima kuuliza kinachobaki. Na katika The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom ya 2023, kinachorudishwa ni kitu kimoja tu unachokichagua: jiwe lililoanguka kutoka mbinguni linapanda tena kwa njia iliyolileta, nawe ukiwa umesimama juu yake.

Kuhama zama

Hapa ndipo panapokaa dhana ya yule kijana wa pili, ya kwenda kumwona babu. Gemu ninayoipenda kuliko zote kwa jambo hili ni Chrono Trigger, iliyotolewa na Square ya Japani mwaka 1995. Iliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na mchoraji Akira Toriyama, ambaye vijana wetu wanamjua kwa Dragon Ball. Inaanza mwaka 1000 kwenye sherehe za ufalme, na kutoka hapo unahamia mwaka 600, unakwenda mwaka 2300 ambako watu wanaishi kwenye magofu na njaa, unarudi hadi miaka milioni 65 kabla ya Kristo. Ramani ni ileile ya ardhi moja. Kinachobadilika ni kilichoota juu yake.

Kuna kisa kidogo ndani yake ambacho wengi hukipita bila kukiona. Unahitaji jiwe lililolala juani kwa mamilioni ya miaka. Unaliweka zama za kale, unaruka hadi siku za mbali kulichukua, unakuta halipo. Unafuatilia, unagundua mwaka 1000 lilichukuliwa na meya mmoja mchoyo wa mji wa Porre, na hataki hata kulizungumzia. Humpigi, humwibii. Unarudi mwaka 600, kwenye nyumba ya wazee wake, ambako mama mmoja anataka nyama iliyokaushwa. Unaweza kumuuzia kwa faida. Ukimpa bure, anashangaa na kusema atawalea wanawe wawe wakarimu. Ukifika tena mwaka 1000, meya ni mtu mwingine kabisa, anatoa jiwe kwa mikono miwili. Wema hauozi, tunasema, na hapa mchezaji anauona usemi huo ukifanya kazi kwa miaka 400 ndani ya dakika tano.

Je, kompyuta ilikokotoa vizazi vyote vya familia ile? Hapana, na hili ni kosa la pili ambalo watu hulifanya. Ndani ya gemu hakuna miaka 400. Kuna kijiji cha mwaka 600, kuna kijiji cha mwaka 1000, vyote vimechorwa tayari, na kati yao kuna swichi kama ile ya taa ukutani: nyama ilitolewa bure, ndiyo au hapana? Ikiwa ndiyo, washa meya mkarimu. Sababu na matokeo zimewekwa na mwandishi mmoja mmoja, kwa mkono. Gemu mbili za 2016, Titanfall 2 na Dishonored 2, zina sehemu ambapo unaruka kati ya jengo likiwa zima na jengo lilelile likiwa gofu, papo kwa papo, katikati ya mapigano. Katika Titanfall 2 majengo hayo mawili yamejengwa kweli, moja juu ya jingine kama ghorofa, na kitufe chako kinakuhamisha sakafu tu. Mchezaji hahisi hivyo hata kidogo, na huo ni ufundi wa kuheshimu.

Njia nyingine ya kutumia zama ni kuufanya wakati wenyewe kuwa chombo cha kazi. Day of the Tentacle ya LucasArts, mwaka 1993, ina marafiki watatu: mmoja yuko sasa, mmoja ametupwa miaka 200 nyuma, wa tatu miaka 200 mbele, na wanatumiana vitu kupitia vyoo vya ajabu. Aliye nyuma anahitaji siki na hana. Ana divai. Anaifungia kwenye sanduku la kumbukumbu, rafiki wa mbele analifungua baada ya miaka 400 na kukuta divai imechacha kuwa siki, anaitumbukiza chooni na kuirudisha kwa yule wa nyuma, ambaye kwa saa yake mwenyewe ametoka kuifungia muda mfupi uliopita. Mtu yeyote aliyewahi kuweka tembo la mnazi akalisahau anajua kilichotokea ndani ya lile sanduku.

Nirudi kwa Chrono Trigger kidogo, kwa sababu kuna jambo siwezi kuliacha. Miongoni mwa wenzako ni roboti, Robo. Mwaka 600 mnamkuta mwanamke anayejaribu kuiotesha misitu kwenye jangwa, na maisha ya mtu mmoja hayatoshi. Robo anajitolea kubaki. Wengine mnapanda chombo na kuruka hadi mwaka 1000, safari ya kufumba na kufumbua. Mnakuta msitu, na ndani yake hekalu, na Robo amekaa humo, chakavu, akiwasubiri. Kwenu ni sekunde. Kwake ni miaka 400 ya kupanda miti. Usiku ule wanakaa kwenye moto na kuzungumza. Sijui mfano bora wa kueleza kwamba saa ya mhusika mmoja si saa ya mwingine.

Fundo ambalo halifunguki

Ukiruhusu watu kwenda nyuma, unakaribisha mafundo mawili, na haya ndiyo yanayowachanganya watu zaidi kwenye mazungumzo. La kwanza ni fundo la babu: ukirudi ukazuia ndoa ya babu yako, hukuzaliwa, basi ni nani aliyerudi kuizuia? Chrono Trigger inaligusa mapema. Marle, binti mfalme wa mwaka 1000 unayesafiri naye, anaanguka mwaka 600, watu wanamdhania ni malkia wao aliyepotea, wanaacha kumtafuta malkia wa kweli, ambaye ni mhenga wa Marle. Malkia akifa, Marle hatazaliwa, na anayeyuka mbele ya macho yako. Inabidi umwokoe malkia ili Marle arudi. Mwenye akili ya kuuliza atauliza: kama hakuzaliwa, nani alimfanya malkia aachwe? Gemu haijibu. Imechagua huzuni ya kumpoteza rafiki kuliko usafi wa hoja, na kwa maoni yangu ilichagua vizuri.

Fundo la pili ni la kitu kisicho na mwanzo. Katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo, mwaka 1998, kijana Link anachomoa upanga na kujikuta mtu mzima, miaka 7 mbele. Ndani ya kinu cha upepo anamkuta mwanamuziki mwenye hasira, anayelalamika kwamba miaka 7 iliyopita mtoto mmoja alikuja na ala yake, akapiga wimbo wa mvua ya dhoruba na kuvuruga kinu chote. Kwa hasira zake anaupiga wimbo huo, na Link anaujifunza. Kisha Link anarudi utotoni, anaingia kinuni na kuupiga. Yule mtoto alikuwa yeye. Basi wimbo ulitungwa na nani? Mwanamuziki aliusikia kwa Link, Link aliusikia kwa mwanamuziki. Ni kama insha mbili zinazofanana neno kwa neno, kila mwanafunzi akiapa kwamba alinakili kwa mwenzake. Fundo la babu linagombana na lenyewe. Hili la wimbo halina ugomvi wowote, linazunguka tu, na hakuna pa kuingilia kulikata.

Siku inayojirudia

Sasa kijana wa tatu. Mzunguko si safari ya kwenda mbali. Ni daladala inayotoka kituoni, inafika mwisho wa njia, na ghafla uko tena kituoni saa ileile, konda yuleyule akiita abiria walewale, na wewe peke yako unajua nani atashuka wapi.

Baada ya Ocarina of Time, Eiji Aonuma wa Nintendo na wenzake walipewa jukumu la kutengeneza Zelda nyingine kwa takriban mwaka mmoja, muda mfupi sana kwa kazi ya ukubwa huo. Waliwatumia tena wahusika na michoro waliyokuwa nayo, na badala ya dunia pana wakatengeneza dunia yenye kina. Majora's Mask ilitoka mwaka 2000. Mwezi wenye uso wa kutisha unaushukia mji, na baada ya siku 3 utauponda. Siku hizo 3, saa 72 za mchezo, zinapita kwa karibu dakika 54 za saa ya ukutani. Kabla ya mwisho unapiga wimbo na kurudi asubuhi ya siku ya kwanza.

Kila mtu mjini ana ratiba. Tarishi anapita saa fulani, kikongwe anaporwa usiku fulani, na ukiwa kona nyingine hukuona. Mtengenezaji hahitaji daftari la kila sekunde kama la mchanga wa Prince of Persia. Anahitaji ratiba moja inayoanza upya. Na kinachobaki mkononi kimepimwa kwa uangalifu: nyimbo, vinyago na silaha kuu unabaki navyo, mishale, mabomu na fedha vinapotea. Isipokuwa fedha ulizoweka benki. Mwenye benki anakugonga mhuri mwilini, na kwa kuwa mwili wako ndio unaosafiri, mhuri unakwenda nawe.

Ndani ya mji huo kuna Anju, mhudumu wa nyumba ya wageni, anayemsubiri mchumba wake Kafei aliyetoweka. Kafei amelaaniwa na kugeuzwa mtoto, na anaona haya kurudi kabla ya kukipata kinyago cha harusi alichoibiwa. Kuwakutanisha ni kazi ya siku zote 3: barua ifike saa yake, mlango ugongwe saa yake, ukichelewa mahali pamoja tu yote yameharibika na unaanza mwanzo. Ukifanikiwa, wanakutana usiku wa mwisho, mwezi ukiwa umejaa angani nzima, na wanachagua kuingoja asubuhi pamoja. Wanakupa kinyago chao. Kisha huna budi kupiga wimbo. Asubuhi ya siku ya kwanza Anju yuko mapokezi, anasubiri, hakukumbuki. Kinyago kiko mfukoni mwako. Nimecheza gemu nyingi zenye mikuki na milipuko. Hakuna iliyoniweka kimya mbele ya skrini kama hiyo.

Outer Wilds ya Mobius Digital, mwaka 2019, ilichukua wazo hilo na kulivua karibu kila kitu. Ilianza kama kazi ya chuo ya Alex Beachum pale University of Southern California, ikaja kushinda tuzo ya BAFTA ya gemu bora mwaka 2020. Unaruka kwa chombo kati ya sayari ndogo, na baada ya dakika 22 jua linalipuka. Unaamka tena kando ya moto. Hupati silaha, hupati nguvu mpya, hakuna ufunguo wa kutia mfukoni. Kinachobaki ni ulichokielewa, na kumbukumbu za kompyuta ya chombo chako. Mara ya kwanza unazunguka kijijini kuulizia namba za siri za kurushia chombo. Baada ya jua kulipuka, unaamka na kupaa moja kwa moja, kwa kuwa namba unazijua. Mchezaji anayejua kila kitu anaweza kuimaliza gemu ndani ya mzunguko mmoja. Wewe na mimi hutuchukua saa nyingi, kwa kuwa tunajenga ufunguo huo kichwani. Ndiyo maana wanaoipenda hukataa kabisa kukusimulia, nami naishia hapa.

Yanayofananishwa nayo

Assassin's Creed, tangu ile ya kwanza ya 2007, hutajwa kila mara kwenye orodha hizi, na haistahili kuwemo. Mhusika wa leo analazwa kwenye mashine inayosoma kumbukumbu za wahenga wake zilizomo kwenye damu yake. Haendi kokote. Ukifanya jambo ambalo mhenga hakulifanya, mashine inakukatia, kama msomaji aliyeruka ukurasa. Huwezi kubadili kitu, kwa hiyo huko ni kusoma historia.

Kubadili tarehe ya simu ili "maisha" ya gemu yajae upya nako watu hukuita kusafiri katika wakati. Hapo umeidanganya saa ya ukutani. Gemu inaamini saa nne zimepita. Wachezaji wa Animal Crossing hufanya hivyo sana, na watengenezaji wanalijua: katika ile ya 2020, ukinunua matanipu, mboga za mizizi, ya biashara kisha ukarudisha tarehe nyuma, yanaoza yote.

Kuhifadhi mchezo, au kusevu kama tunavyosema, ndiyo safari ya wakati tunayoifanya wote bila kuipa jina. Kwa miongo kadhaa kulikuwa na makubaliano ya kimya: mchezaji akirudi alipohifadhi, wahusika hawajui. Undertale ya Toby Fox, mwaka 2015, iliyavunja makubaliano hayo. Ukimuua Toriel, mama aliyekupokea na kukulea, kisha kwa majuto ukarudi ulipohifadhi na kumwachia hai, mbele yako anatokea ua liitwalo Flowey na kukuambia kwamba linajua ulichofanya. Wengi waliocheza walikuwa wamejiona salama. Swali la nani anakumbuka lilikuwa na jibu ambalo hawakulitarajia.

Siku chache baada ya ule ugomvi nilipita tena bandani. Vijana wawili kati ya wale walikuwa wakishindana wao kwa wao, padi mbili, magari mawili. Mmoja akagonga ukuta, akabonyeza kitufe chake, na hakuna kilichotokea. Alidhani padi ni mbovu. Padi ilikuwa nzima. Alipocheza peke yake, magari mengine yalikuwa ya kompyuta, na kompyuta haina kinyongo ikirudishwa nyuma. Mwenzake angerudishwa naye, gari lake lililokuwa linaongoza likatolewa mbele, na angekumbuka kila kitu. Kwenye drafti anayerudisha kete huomba kwanza. Kitufe hakijui kuomba, kwa hiyo watengenezaji hukizima.

Kuna waliothubutu kukiacha wazi. Mwaka 2011 kampuni ndogo ya Marekani, Hazardous Software, ilitoa Achron, gemu ya vita ambamo wachezaji wanaopigana wanaweza, kila mmoja kwa wakati wake, kurudi dakika kadhaa nyuma na kuwapa askari amri mpya. Mabadiliko hayafiki sasa hivi papo hapo. Yanabebwa na mawimbi yanayotoka zamani kuja leo, na dirisha la zamani unaloweza kuligusa linasogea mbele daima. Humo fundo la babu si hoja ya kijiweni, ni mbinu. Unajenga kiwanda, kinatoa kifaru, unakirudisha kifaru nyuma kikakivunja kiwanda. Wimbi la kwanza linafika: kiwanda hakipo, basi kifaru hakikutengenezwa. Wimbi la pili: kifaru hakipo, basi kiwanda kimesimama. La tatu, hakipo tena. Yanapishana hivyo, wimbi kwa wimbi, mpaka tukio lile linapotoka nje ya dirisha, na hali iliyokuwepo wakati huo, kiwanda au gofu, ndiyo inayobaki.